Jinsi ya Kulinganisha Utendaji wa Matoleo Mawili ya PostgreSQL kwenye Seva Yenye Vichakataji Vingi

Kila anayesimamia hifadhidata hufika siku akaulizwa na wakuu wake: tukihamia toleo jipya, mfumo utakwenda kasi zaidi au la? Swali hilo huulizwa kana kwamba jibu lake ni namba moja. Kwenye seva yenye viini 32 au 64 vilivyogawanyika katika soketi mbili (nafasi za kuchomekea vichakataji), matoleo mawili ya programu ileile yanaweza kwenda sare kabisa wateja, yaani programu zilizounganishwa kwa wakati mmoja, wanapokuwa 8, yakaachana kidogo wanapofika 32, kisha wanapofika 128 moja likaporomoka ilhali lingine linaendelea kupanda. Anayepima kwa idadi moja tu ya wateja atarudi na jibu ambalo ni kweli kwa idadi hiyo pekee. Kazi yetu hapa ni kuchora mistari miwili ya grafu, mmoja kwa kila toleo, na kutafuta mahali ambapo kila mmoja unaanza kupinda.

Nitatumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL: toleo la 13, lililotoka Septemba 2020, na toleo la 17, lililotoka Septemba 2024. Toleo la 13 lilifikia mwisho wa kuhudumiwa na mradi Novemba 2025, na seva nyingi bado zinalitumia, kwa hiyo ulinganisho huu una maana ya kweli kwa watu wengi. Mashine ya mfano wetu inaendesha Linux, ina soketi mbili za viini 16 kila moja na kumbukumbu ya GB 128. Mwenye mashine ndogo au kubwa zaidi atabadilisha namba, lakini utaratibu utabaki huohuo.

Kwa nini viini vingi vinabadilisha swali

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alieleza kikomo ambacho bado kinatubana: sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoamua faida ya kuongeza vichakataji. Ikiwa asilimia 5 ya kazi lazima ifanywe na mmoja baada ya mwingine, basi viini 64 havikupi kasi mara 64, bali mara 15 na ushei, na hata ukiongeza viini bila kikomo hutavuka mara 20. Ndani ya hifadhidata, sehemu hiyo isiyogawanyika ni makufuli yanayolinda miundo ya kumbukumbu inayotumiwa na vikao vyote, yaani miunganisho ya wateja. Vikao vingi vinapoligombea kufuli moja, data inayolihusu huhama kutoka kiini kimoja hadi kingine, na inapolazimika kuvuka kutoka soketi moja kwenda ya pili, safari hiyo huwa ndefu zaidi. Viini vinaonekana vina kazi, kumbe vinasubiriana.

Watengenezaji wa PostgreSQL wamekuwa wakiyashughulikia makufuli hayo toleo baada ya toleo. Toleo la 9.2, la Septemba 2012, lilileta njia ya mkato ya kuchukua makufuli mepesi ya majedwali, iliyoandikwa na Robert Haas, na mradi ukatangaza kwamba usomaji ulikuwa unapanda sawia hadi viini 64. Toleo la 14, la mwaka 2021, lilileta kazi ya Andres Freund iliyopunguza gharama ya kila muamala kujua miamala gani mingine bado inaendelea, na faida yake huonekana hasa pale vichakataji na vikao vinapokuwa vingi. Mtu akipima mabadiliko ya aina hii kwa mteja mmoja hataona chochote, naye ataandika kwa nia njema kabisa kwamba matoleo yanalingana.

Kitu kimoja tu kibadilike

Sharti la kwanza ni kwamba kati ya kipimo na kipimo kibadilike toleo tu. Sharti hili ni rahisi kulitamka na gumu kulitimiza, kwa sababu toleo jipya huja na mambo mengine yaliyojificha ndani yake.

Niliwahi kupoteza siku nne nikiamini kwamba toleo jipya lilikuwa limezorota. Kila nilipoongeza wateja lilizidi kuachwa nyuma. Nikakagua diski, nikabadilisha mipangilio ya kumbukumbu, na nikaandika hata rasimu ya taarifa ya kupendekeza tusihame. Siku ya tano niliandika `SHOW debug_assertions;` kwenye kila seva. Moja ilijibu `off`, nyingine ikajibu `on`. Toleo jipya lilikuwa limejengwa kwa chaguo la `--enable-cassert`, ambalo huifanya programu ijikague kila hatua ili watengenezaji wanase makosa, na ukaguzi huo hula muda mwingi. Tangu hapo hiyo ndiyo amri yangu ya kwanza, kabla ya nyingine yoyote.

Kwa hiyo, ama chukua vifurushi vya matoleo yote mawili kutoka ghala moja, ama yajenge yote mawili mwenyewe kutoka msimbo chanzo kwa kikusanyaji kilekile na machaguo yaleyale. Amri ya `pg_config --configure` itakuonyesha kila toleo lilijengwaje. Yaweke yote mawili kwenye seva ileile, chini ya kerneli ileile na diski ileile, kila moja na saraka yake, kwa mfano `/opt/pg13` na `/opt/pg17`, na wakati wowote liwe linaendeshwa moja tu. Kulinganisha toleo la zamani kwenye seva ya zamani na toleo jipya kwenye seva mpya hakupimi toleo, kunapima manunuzi.

Mtego wa pili ni mipangilio ya msingi, ambayo hubadilika kimyakimya kutoka toleo hadi toleo. Thamani ya `checkpoint_completion_target` ilikuwa 0.5 hadi toleo la 13, ikawa 0.9 katika la 14. `hash_mem_multiplier` ilikuwa 1.0, ikawa 2.0 katika la 15, maana yake hoja zinazounganisha majedwali kwa heshi huruhusiwa kumbukumbu maradufu bila wewe kugusa `work_mem`. Atakayelinganisha na toleo la 18 akumbuke kwamba humo `initdb` huwasha cheksamu (namba za kugundua data iliyoharibika) za kurasa za data bila kuombwa, wakati matoleo ya nyuma yalihitaji chaguo la `--data-checksums`. Njia ya kuyaona haya yote ni kutoa orodha nzima ya mipangilio kutoka kila toleo kisha kuzipambanisha:

```
psql -XAt -c "SELECT name, setting FROM pg_settings ORDER BY name" > mipangilio-13.txt
psql -XAt -c "SELECT name, setting FROM pg_settings ORDER BY name" > mipangilio-17.txt
diff mipangilio-13.txt mipangilio-17.txt
```

Pitia kila mstari unaotofautiana na uamue. Hapa kuna maswali mawili halali ambayo hayapaswi kuchanganywa. La kwanza huuliza msimbo wenyewe umeboreka kiasi gani, na kulijibu unalazimisha mipangilio ifanane. La pili huuliza mtu atapata nini akihama bila kubadilisha chochote, na kulijibu unaacha kila toleo na mipangilio yake ya msingi. Mimi hupima la kwanza kikamilifu, kisha la pili kwa vipimo vichache, na kwenye taarifa kila jibu huwa na jedwali lake.

Kuituliza mashine

Vichakataji vya leo hubadilisha kasi yake kulingana na mzigo na joto. Viini vichache vikifanya kazi, huruhusiwa kupanda juu ya kasi ya kawaida. Vyote vikifanya kazi, hushuka. Matokeo yake mstari wa grafu utapinda hata kama programu haina kosa lolote. Weka hali ya kasi thabiti kwa `cpupower frequency-set -g performance`, na kwenye vichakataji vya Intel vinavyotumia kiendeshi cha `intel_pstate` zima nyongeza ya kasi kwa kuandika 1 kwenye `/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo` kwa muda wa vipimo.

Tazama pia matokeo ya `lscpu`. Mashine yetu ina viini halisi 32, lakini Hyper-Threading, inayofanya kiini kimoja kionekane kama viwili, ikiwa imewashwa mfumo endeshi utahesabu vichakataji 64. Viini hivyo vya ziada vinagawana vifaa na ndugu zao, kwa hiyo usitarajie mstari uendelee kupanda kwa mwinuko uleule baada ya wateja 32, na usiulaumu upande wowote kwa hilo.

Kisha kuna mgawanyo wa kumbukumbu kati ya soketi. Amri ya `numactl --hardware` huonyesha kila soketi ina kumbukumbu kiasi gani karibu nayo, na jedwali la umbali lililo chini yake huonyesha jinsi kufikia kumbukumbu ya soketi ya pili kulivyo ghali kuliko ya karibu. Linux hugawa ukurasa wa kumbukumbu karibu na kiini kilichougusa mara ya kwanza. Ikitokea kwamba siku moja bafa za pamoja zimejazwa zote na mchakato uliokuwa soketi ya kwanza, na siku nyingine zimesambaa, utapata tofauti kubwa ambayo haihusiani na toleo hata kidogo. Anzisha seva kwa `numactl --interleave=all` ili kurasa zisambazwe sawasawa kwenye soketi zote, na weka `kernel.numa_balancing` iwe 0 ili kerneli isizihamishe katikati ya kipimo.

Kurasa kubwa za kumbukumbu zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapa ndipo ulinganisho mwingi huharibika bila mtu kujua. Mpangilio wa `huge_pages` kwa kawaida ni `try`: seva hujaribu kuzipata, ikizikosa huendelea kimya na kurasa ndogo. Toleo moja likihitaji kumbukumbu ya pamoja kubwa kidogo kuliko lingine, linaweza kukosa nafasi kwenye akiba uliyotenga huku lingine likiipata. Andika `huge_pages = on` kwa matoleo yote mawili; ikikosekana nafasi, seva itakataa kuwaka na utajua papo hapo. Kwenye toleo la 15 na yaliyofuata, amri ya `postgres -D saraka -C shared_memory_size_in_huge_pages`, ikiendeshwa seva ikiwa imezimwa, itakutajia idadi inayohitajika. Ongeza nafasi kidogo juu yake kwa ajili ya toleo la 13, kisha iandike kwenye `vm.nr_hugepages`.

Data na kipimo cha kusoma

Chombo cha kazi hii ni `pgbench`, kinachokuja na PostgreSQL yenyewe. Tumia nakala moja ya `pgbench`, ile ya toleo la 17, kwa seva zote mbili, maana chombo chenyewe nacho hubadilika kutoka toleo hadi toleo. Kipimo cha ukubwa 1000 hutengeneza matawi 1,000, makarani 10,000 na akaunti milioni 100, jumla takriban GB 15 pamoja na faharasa. Ukiweka `shared_buffers` iwe GB 32, data yote itakaa kwenye kumbukumbu, na kitakachopimwa ni vichakataji na makufuli, bila diski kuingilia. Ongeza `max_connections` iwe 200, kwa kuwa thamani ya msingi ni 100 nasi tutafika wateja 128.

```
/opt/pg17/bin/pgbench -i -s 1000 pima
/opt/pg17/bin/vacuumdb --freeze --analyze pima
/opt/pg17/bin/psql pima -c "CREATE EXTENSION pg_prewarm"
```

Fanya hivyo kwa kila toleo, kisha zima seva na utunze nakala ya saraka ya data ikiwa safi, kwa mfano chini ya `/asili`. Utaihitaji baadaye.

Kabla ya kulinganisha 13 na 17, linganisha 13 na 13. Muuza nafaka mwaminifu huonyesha kwanza kwamba mizani yake ikiwa tupu inasoma sifuri, na hatua hii ina kazi ileile. Endesha mzunguko mzima mara mbili kwa toleo lilelile kana kwamba ni matoleo mawili tofauti, kisha tazama namba zinaachana kiasi gani. Zikiachana kwa asilimia 3, basi tofauti yoyote iliyo chini ya asilimia 3 utakayoiona baadaye kati ya 13 na 17 haithibitishi kitu. Zikiachana kwa asilimia 10, rudi kwenye kuituliza mashine. Usiendelee mbele ukitumaini kwamba wastani utafuta kasoro hiyo.

Mizani ikishatulia, skripti hii ndiyo moyo wa kazi:

```
for duru in 1 2 3 4 5; do
  if [ $((duru % 2)) -eq 1 ]; then mpango="13 17"; else mpango="17 13"; fi
  for t in $mpango; do
    numactl --interleave=all /opt/pg$t/bin/pg_ctl -D /data/pg$t -l /tmp/pg$t.log -w start
    /opt/pg17/bin/psql -q pima -c "SELECT pg_prewarm('pgbench_accounts'), pg_prewarm('pgbench_accounts_pkey')"
    for c in 1 2 4 8 16 32 64 128; do
      /opt/pg17/bin/pgbench -n -S -M prepared -c $c -j $c -T 300 pima > matokeo/$duru-$t-$c.txt
    done
    /opt/pg$t/bin/pg_ctl -D /data/pg$t -m fast -w stop
  done
done
```

Duru zimepishana makusudi: ya kwanza huanza na 13, ya pili huanza na 17, na kuendelea. Mtu akipima duru zote tano za 13 asubuhi na zote za 17 alasiri, joto la chumba, kazi za usiku za mfumo endeshi na hali ya diski vitaingia kwenye matokeo vikijifanya ni toleo. Kila kipimo huchukua dakika 5, nukta ni 8, matoleo 2, duru 5, kwa hiyo jumla ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 bila kuhesabu kuwasha seva na kupakia data kwenye kumbukumbu, kazi ya `pg_prewarm`. Ni muda mrefu, lakini mashine ndiyo itakayokesha, wewe ukalale.

Chaguo la `-S` huendesha usomaji wa safu moja kwa ufunguo wake, na `-M prepared` huondoa gharama ya kuchanganua hoja upya kila mara. Usiache `-j 1` wateja wanapokuwa wengi, kwa sababu uzi mmoja wa `pgbench` hauwezi kuwahudumia wateja 128 na utakuwa umepima kikomo cha chombo badala ya kikomo cha seva. `pgbench` ikikaa kwenye seva ileile italamba sehemu ya viini. Ikikaa kwenye mashine nyingine, mtandao utakuwa kikomo kipya. Mimi huanza na seva ileile kwa sababu ni rahisi kuirudia, ilimradi hali iwe moja kwa matoleo yote, na kwenye taarifa nasema wazi kwamba namba hizo zinajumuisha kazi ya mteja.

Kipimo cha kuandika

Kuandika ni shughuli nyingine kabisa. Muamala wa kawaida wa `pgbench` hubadilisha salio la akaunti, la karani na la tawi, kisha huongeza safu kwenye historia. Kwa kuwa kila muamala hugusa tawi moja, idadi ya matawi ikiwa ndogo kuliko idadi ya wateja, wateja watasubiriana kwenye safu zilezile na hutajua lolote kuhusu toleo. Kwa ukubwa 1000 tuko salama. Aliyeanza na ukubwa 10 akaendesha wateja 128 hayuko salama.

Dakika 5 hazitoshi hapa. Chekipointi, yaani wakati seva inapoandika kwenye diski mabadiliko yaliyo kwenye kumbukumbu, kwa kawaida huja kila dakika 5, au mapema zaidi `max_wal_size` ikijaa, na mara tu baada ya chekipointi seva huandika kurasa nzima kwenye logi ya mabadiliko, ndipo kasi hushuka. Kipimo kifupi kinaweza kuangukia pengo kati ya chekipointi mbili na kutoa namba nzuri isiyodumu. Pima kwa dakika 30 au zaidi, weka `max_wal_size` kubwa na sawa kwa wote, na toa amri ya `CHECKPOINT` kabla ya kila mwanzo.

Kuandika pia huiacha data tofauti na ilivyokuwa: jedwali la historia limekua na safu zilizokufa zimebaki. Baada ya kila kipimo zima seva, futa saraka ya data na uirudishe kutoka `/asili`. Ukitumia diski ya SSD endesha `fstrim` kabla ya kuanza tena, maana diski iliyoandikwa sana hupunguza kasi, na aliyepimwa wa pili ndiye huadhibiwa. Usizime `fsync`, inayohakikisha data imefika kwenye diski, ili kupata namba kubwa. Hakuna hifadhidata ya kazi inayopaswa kuendeshwa hivyo, na utakuwa umepima mfumo usio wako.

Vikao vilivyolala

Kipimo hiki kimoja nakipendekeza kwa moyo wote kwa kila anayetoka toleo la 13 au la nyuma yake, kwa sababu kinafanana na maisha halisi kuliko vyote. Programu nyingi za wavuti hufungua miunganisho mingi na kuiacha ikae bure. Kwenye toleo la 13 na ya kabla yake, kila muamala ulipotaka kujua nani mwingine anaendelea, ulipitia orodha iliyojumuisha hata vikao vilivyolala, kwa hiyo vikao hivyo viliwagharimu waliokuwa wakifanya kazi. Toleo la 14 lilipunguza gharama hiyo.

Andika faili `lala.sql` lenye mstari mmoja, `\sleep 7200 s`. Panua `max_connections` hadi 2500 kwenye matoleo yote mawili, hakiki upya kurasa kubwa za kumbukumbu na kikomo cha mafaili yanayoweza kufunguliwa kwa `ulimit -n`, kisha:

```
/opt/pg17/bin/pgbench -n -f lala.sql -c 2000 -j 4 -T 7200 pima &
sleep 60
/opt/pg17/bin/pgbench -n -S -M prepared -c 32 -j 32 -T 300 pima
```

Rudia bila wale 2,000 waliolala, kisha linganisha hasara ya kila toleo.

Kuzisoma namba

Kwa kila nukta una matokeo matano. Yapange kwa ukubwa, chukua la katikati, na uandike kando yake dogo na kubwa kabisa. Wastani wa kawaida huvutwa na duru moja mbovu; thamani ya katikati haivutwi.

Kuna upotofu mmoja ambao lazima niuseme kwa urefu. Watu hupenda kupima upandaji kwa kugawanya kasi ya wateja wengi kwa kasi ya mteja mmoja. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba toleo la zamani linatoa miamala 20,000 kwa sekunde kwa mteja mmoja na 400,000 kwa wateja 32. Upandaji wake ni 400,000 kugawanya kwa 640,000 (20,000 mara 32), yaani asilimia 62.5. Toleo jipya linatoa 19,600 kwa mteja mmoja na 410,000 kwa wateja 32, yaani asilimia 65 hivi. Limepanda vizuri zaidi, ndiyo, lakini sehemu ya sifa hiyo imetokana na kuanza chini. Toleo ambalo ni zito kwa mteja mmoja huonekana hodari wa kupanda, kwa sababu mchakato unaochelewa kufika kwenye kufuli hauligombei sana. Onyesha daima namba zenyewe pamoja na uwiano. Na ikiwa kasi ya mteja mmoja imeshuka kuliko mawimbi ya kipimo chako cha 13 kwa 13, hilo ni jambo la kuripoti, hata kama mstari mzima umepanda huko mbele, kwa sababu hoja ndefu ya mtumiaji mmoja haisaidiwi na viini vingine.

Usiishie kwenye miamala kwa sekunde. Pima pia muda wa majibu, lakini si pale seva ilipoelemewa. Pale majibu huchelewa kwa sababu ya foleni. Chukua kiwango cha karibu theluthi mbili ya kilele cha toleo la zamani, kilazimishe kwa chaguo la `-R` kwenye matoleo yote mawili, na uandike logi kwa `-l` pamoja na `--sampling-rate=0.01` ili logi yenyewe isiwe mzigo. Safu ya tatu ya logi hiyo ni muda wa kila muamala kwa mikrosekunde. Zipange, usome ile iliyo kwenye asilimia 99. Mtumiaji hukumbuka mara ile ukurasa ulipogoma kufunguka.

Kutafuta sababu ya tofauti

Tofauti isiyo na maelezo haijathibitishwa. Mistari ikiachana, endesha nukta ile inapoachana na, kipimo kikiendelea, uliza kila sekunde:

```
SELECT wait_event_type, wait_event, count(*)
FROM pg_stat_activity WHERE state = 'active'
GROUP BY 1, 2 ORDER BY 3 DESC;
```

Majina kama `ProcArray`, `BufferMapping` au `WALWrite` yakijaa upande mmoja na kukosekana upande wa pili, umepata kufuli linalohusika. Anayelinganisha toleo la 12 au la nyuma yake ajue kwamba majina mengi ya kusubiri yalibadilishwa katika toleo la 13, asije akadhani kufuli limetoweka kumbe limebadilishwa jina. Ikiwa vikao havisubiri chochote lakini vichakataji vimejaa, tumia `perf top`: `s_lock` ikiwa juu ni dalili ya kuzunguka kwenye kufuli, na `GetSnapshotData` ikiwa juu kwenye toleo la 13 na kushuka kwenye la 17 ni ile kazi ya toleo la 14 ukiiona kwa macho.

Hatimaye, mzigo wako mwenyewe

`pgbench` ya kawaida husoma safu moja moja. Mfumo wako huenda ukafanya hesabu za mwisho wa mwezi. Toa kwenye `pg_stat_statements` hoja zilizokula muda mwingi zaidi, ziandike kama mafaili, na uziendeshe kwa uzito unaolingana na mara zinavyotokea, kwa mfano `-f salio.sql@7 -f ripoti.sql@3`. Kwa hoja ndefu hakiki mpango wa utekelezaji kwa `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` kwenye matoleo yote mawili, kwa kuwa hoja moja inayotumia wafanyakazi sambamba inaweza kuisha haraka huku ikiwanyima viini wateja wengine.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Hifadhidata ya zamani imeishi miaka. Majedwali yake yana nafasi tupu na faharasa zake zimevimba. Mtu huchukua nakala kwa `pg_dump`, huirejesha kwenye toleo jipya ambamo kila kitu kinapangwa upya kikiwa kimeshikamana, kisha husifu toleo kwa kazi iliyofanywa na urejeshaji. Rejesha nakala ileile kwenye matoleo yote mawili, halafu endesha `ANALYZE` pande zote. Ukipita njia ya `pg_upgrade`, kumbuka kwamba kabla ya toleo la 18 takwimu za mpangaji hazikuhamishwa, hivyo seva iliyohamishwa bila `ANALYZE` itachagua mipango mibaya na kuonekana imezorota. Aliyetoka toleo la 12 au nyuma zaidi anahitaji pia `REINDEX`, kwa sababu ubanaji wa funguo zinazojirudia kwenye faharasa za B-tree, ulioletwa na toleo la 13, haugusi faharasa za zamani mpaka zijengwe upya.

Taarifa utakayoipeleka iwe na grafu mbili, ya kusoma na ya kuandika, na kila nukta iwe na thamani ya katikati pamoja na mipaka yake. Chini yake andika matokeo ya 13 kwa 13, ili msomaji ajue mizani ilikuwa inayumba kiasi gani. Pamoja nayo tunza saraka nzima ya `matokeo`, mafaili ya mipangilio, matokeo ya `lscpu` na `numactl --hardware`, namba ya kerneli na skripti yenyewe. Seva itakapoongezewa kumbukumbu au kerneli itakapobadilishwa, utaendesha skripti ileile usiku mmoja, na asubuhi utakuwa na mstari wa tatu wa kuweka juu ya ile miwili.